Bili Haingoji Mavuno

Kwetu Kosele mtu akilazwa hospitali, jamaa zake wakishamaliza kupigiana simu humtafuta katibu wa michango. Katibu ndiye mwenye daftari. Kikao huitishwa jioni hiyohiyo, mwenyekiti na mweka hazina huteuliwa, na siku hizi kundi la WhatsApp hufunguliwa likiwa na picha ya mgonjwa na nambari ya kutuma pesa. Kazi hiyo ya ukatibu niliifanya tangu nilipokuwa mwalimu kijana wa shule ya msingi hadi nilipostaafu, kwa kuwa vijijini kwetu mwalimu huaminiwa kuwa na hati nzuri na mikono safi. Orodha za wachangaji nimeziandika kwa kalamu ya wino, kisha kwa bairo, kisha kwenye simu. Mambo niliyojifunza humo kuhusu mageuzi ya afya ya nchi hii sijayapata katika hotuba yoyote.

Kosele ni soko dogo upande wa Kabondo, karibu na Oyugis, katika kaunti ya Homa Bay. Ni nchi ya viazi vitamu. Magunia ya viazi hupakiwa kwenye malori na kupelekwa miji ya mbali, na fedha za viazi ndizo zinazolipa karo, mbolea na matanga. Zinakuja kwa msimu, na zikija zina wenyewe tayari. Mshahara wa kila mwezi ni wa wachache: walimu, wauguzi, polisi, watumishi wa kaunti. Nalisema hili mapema kwa sababu kila mpango wa afya uliobuniwa Nairobi umejikwaa hapo, kwenye tofauti ya mwenye mshahara na mwenye msimu.

Nilizaliwa miaka michache kabla ya uhuru. Kumbukumbu yangu ya kwanza ya matibabu ni chupa. Mama alikuwa nayo moja ya kioo, aliyoisugua kwa majivu na kuiziba kwa gunzi la mahindi, nasi tuliibeba kwenda zahanati tutiliwe dawa ya maji. Dawa ilikuwapo, vyombo vya kuitilia havikuwapo. Hatukulipa. Mwaka 1965 serikali ya Mzee Kenyatta iliondoa ada ya shilingi 5 iliyoachwa na wakoloni katika vituo vya umma, na mwaka huohuo ikatoa Waraka wa Bunge Nambari 10, uliotaja maradhi pamoja na umaskini na ujinga kuwa maadui wa taifa. Mama hakuwahi kusikia habari ya waraka huo. Alichojua ni kwamba mtoto akishikwa na homa usiku, alfajiri atabebwa mgongoni na chupa itashikwa mkononi, na hakuna atakayemuuliza pesa.

Mwaka 1966 Bunge lilianzisha mfuko wa bima ya hospitali, NHIF. Ulikuwa wa watu wa mshahara, na mkulima wa viazi hakuwamo. Mwaka 1972 mlango ulifunguliwa kwa wasio na mshahara kujiunga kwa hiari, lakini hiari ya mtu asiyejua ofisi iko wapi, na anayepaswa kupanda gari kila mwezi kwenda kulipa, ni hiari ya kwenye karatasi. Katika ukoo wetu mzima waliokuwa na kadi walikuwa ni walimu wawili watatu na askari mmoja.

Nilipoajiriwa nami nikaanza kukatwa. Kadi yangu ilimkinga mume wangu na watoto wangu. Haikumkinga mama yangu, aliyenisomesha kwa viazi. Sheria ilitambua mume na watoto, basi, na katika boma la Kijaluo lenye nyanya, shangazi mjane na watoto wa marehemu kaka, kadi moja ya mwalimu ilikuwa shuka fupi inayovutwa na watu wengi.

Desemba 1989 serikali ilirudisha ada. Nchi ilikuwa na madeni, wakopeshaji walitaka matumizi yapunguzwe, na jina tulilopewa la kutuliza lilikuwa kugawana gharama. Kituo cha afya kilitoza shilingi 10, hospitali 20. Ukiitazama leo shilingi 20 haionekani kuwa kitu, ila nakumbuka wanafunzi wangu waliokuja darasani wakitetemeka kwa malaria kwa sababu nyumbani waliambiwa wangoje siku ya soko. Ada ya kumwona daktari ilisimamishwa mwaka 1990 kisha ikarudi tena kwa awamu, na tangu hapo haikuondoka kabisa kwa miaka mingi.

Watafiti waliifuatilia ada hiyo katika kliniki moja ya Nairobi iliyotibu maradhi ya zinaa, na matokeo yakachapishwa katika jarida la Lancet mwaka 1992. Wanaume waliofika walishuka hadi asilimia 40 ya idadi ya kabla ya ada, na wanawake hadi asilimia 65. Ukumbuke ni miaka gani hiyo. Virusi vya UKIMWI vilikuwa vinaingia, na mtu mwenye ugonjwa wa zinaa usiotibiwa huvipata na kuviambukiza kwa urahisi zaidi. Nchi iliweka mlango wa pesa kwenye chumba kilekile ambacho watu walipaswa kukimbilia. Mimi niliyewazika wanafunzi wangu wa zamani, na walimu wenzangu, siwezi kuisoma takwimu hiyo kwa moyo mtulivu.

Miaka ya tisini ndipo daftari langu lilipojaa. Kila ukurasa ulikuwa na mgonjwa yuleyule kwa majina tofauti: amekonda, anakohoa, amelazwa, amerudishwa nyumbani. Tulichanga kwa ajili ya ugonjwa ambao hatukuutaja kwa jina. Nikaanza kuona jambo ambalo lilinisumbua. Orodha ya mgonjwa ilijaa polepole, orodha ya mazishi yake ilijaa upesi. Mtu ambaye hakutoa shilingi 50 za dawa alitoa 500 za jeneza, kwa kuwa mazishini watu wote wanaona. Sisemi watu wa Kosele wana roho mbaya. Ni watu wakarimu kupita kiasi. Nasema mchango unaendeshwa na aibu na undugu, na vyote viwili havijui nani anahitaji nini na lini.

Kuna mgonjwa mmoja wa miaka ya baadaye ninayemkumbuka zaidi ya wengine. Alikuwa kijana yatima aliyelelewa na bibi yake, na riziki yake ilikuwa boda boda ya kukodi. Aligongwa na gari, mfupa wa paja ukavunjika. Katiba ya mwaka 2010 ilikuwa imekwisha kusema, katika kifungu cha 43, kwamba kila mtu ana haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa, na kwamba hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura. Kweli hakunyimwa. Alipokelewa, akafanyiwa upasuaji, akawekewa chuma. Kisha bili ikaandikwa, na alipopona hakuruhusiwa kutoka. Kila usiku aliolala pale baada ya kupona ulizidisha deni.

Tulikaa chini ya mwembe, mimi na daftari langu. Kijana hakuwa na kaka Nairobi wala shangazi Mombasa. Tulipofika mwisho wa orodha kiasi kilichopatikana hakikufika hata robo. Bibi yake alikuwa ameketi kwenye mkeka pembeni, kimya.

"Nyara, binti yangu," akaniita, "mbona jina langu hujaliandika?"

"Dani, wewe ndiye mwenye mgonjwa. Hutoi."

"Andika. Sina pesa, nina kuku watatu. Andika kuku."

Nikaandika kuku. Wiki iliyofuata aliipeleka hatimiliki ya shamba lake hospitalini iwe dhamana, na ndipo kijana alipotoka kwa magongo. Hatimiliki ilibaki huko muda mrefu. Mwezi Septemba 2015 Mahakama Kuu iliamua katika kesi ya akina mama wawili waliozuiliwa katika hospitali ya uzazi jijini Nairobi kwamba kumfungia mtu kwa sababu ya deni la matibabu ni kuvunja haki zake. Uamuzi mzuri. Lakini hospitali nayo inasema ina mishahara ya kulipa na gesi ya oksijeni ya kununua, na mtu akitoka bila kulipa nani atalipa? Swali hilo mahakama haiwezi kulijibu. Ni swali la bajeti.

Katika orodha zangu mwalimu aliyeugua alichangiwa kwa siku moja, naye alikuwa na bima. Yatima alichangiwa kuku. Tukijisifu kwamba harambee ni bima yetu ya Kiafrika, tukumbuke kwamba inampa zaidi aliye na jamaa wenye uwezo, na inakuja baada ya ugonjwa kuwa mkubwa. Haijawahi kununua kidonge cha kuzuia.

Kidonge ndicho kilichomhusu mama yangu. Alikuwa na presha. Mwaka 2004 serikali ilikuwa imeshusha ada, zahanati shilingi 10 na kituo cha afya 20, na mwezi Juni 2013 Rais Uhuru Kenyatta akaziondoa kabisa katika ngazi hizo na kufanya uzazi kuwa bure katika hospitali za umma. Wajawazito walifurika, nami niliwaona kwa macho yangu wasichana niliowafundisha wakijifungulia mikononi mwa wauguzi badala ya nyumbani kwa nyamrerwa, mkunga wa kijijini. Hayo ni mafanikio na asiyeyakubali hana haki. Ila zahanati ambayo haitozi lazima ipewe, na fedha za kufidia ada zilikuwa zinachelewa. Mama alipimwa bure, akaandikiwa dawa bure, kisha akaambiwa dawa imeisha, akanunue dukani. Za malaria mara nyingi zilikuwapo. Za presha hazikuwapo. Alikuwa akinunua vidonge vya siku chache, akavimeza siku moja na kuruka ya pili ili viende mbali, na akanificha, kwa kuwa hakutaka kunikatia pesa za wajukuu.

Akapata kiharusi. Bili ya kulazwa kwake, kwa hesabu niliyoifanya baadaye kwa uchungu, ingenunua dawa za presha kwa miaka mingi kuliko aliyobakiwa nayo. Mchango ulifanikiwa upesi. Watu walikuja wengi, kwa kuwa mimi nilikuwa nimewachangia wote.

Kuna ugonjwa mmoja uliotoweka kwenye daftari langu, na kwa maoni yangu ndio ushahidi mkubwa kuliko wote. Madaktari Wasio na Mipaka walifika hospitali ya Homa Bay mwaka 1996, na mwaka 2001 wakaanza kutoa dawa za kupunguza makali ya UKIMWI bila malipo katika hospitali hiyo ya umma, wakati wengi duniani walikuwa wakisema Waafrika maskini hawataweza kuzitumia ipasavyo. Mwaka 2006 serikali ikafanya dawa hizo kuwa bure katika vituo vyake vyote, kwa fedha nyingi kutoka Mfuko wa Dunia na mpango wa Marekani wa PEPFAR. Wagonjwa waliobebwa kwa mikokoteni wakarudi mashambani. Baada ya miaka michache sikuwa nikiandika tena michango ya ule ugonjwa usiotajwa. Kaunti yangu ni miongoni mwa zilizoumizwa zaidi na virusi hivyo katika Kenya nzima, na hapo ndipo harambee ya ugonjwa huo ilipokufa.

Nimejiuliza mara nyingi ni nini kilichofanya mpango huo ufaulu pale ambapo mingine ilipwaya. Hakuna aliyeulizwa kadi ya bima. Hakuna aliyeulizwa kama paa lake ni la mabati au la nyasi. Dawa ilikuwa rafuni siku aliyokuja, na mtu wa kijijini mwake alimfuata nyumbani asipokuja. Ni mambo matatu tu, na yote yalilipiwa kabla mgonjwa hajafika mlangoni. Udhaifu wake ulikuwa mmoja: mlipaji alikuwa mbali. Mwanzoni mwa 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake, hofu iliyoingia katika kliniki zetu niliisikia hadi kanisani. Watu walioishi miaka 20 kwa kidonge walianza kuhesabu vilivyobaki kwenye mkebe.

Baada ya UKIMWI daftari halikukauka. Lilibadilisha majina. Saratani, figo, kisukari, ajali za boda boda. Haya ni maradhi ya gharama kubwa na ya muda mrefu, na harambee huyashindwa kabisa, kwa maana mtu husafishwa figo mara mbili kwa wiki maisha yake yote. Utamchangia Jumanne, utamchangia Ijumaa, na wiki ijayo utafanyaje?

Nafasi ya kulimaliza hili mapema tuliikosa mwaka 2004. Charity Ngilu, akiwa waziri wa afya, alipeleka bungeni mswada wa bima ya afya ya kijamii kwa Wakenya wote, na wasiojiweza walipiwe na serikali. Bunge liliupitisha. Rais Kibaki hakuutia sahihi, kwa hoja kwamba nchi haingeweza kuubeba mzigo wake. Sikubaliani na uamuzi huo hadi leo. Mzigo haukuondoka, ulibaki kwenye mikeka chini ya miembe, ambako hakuna mhasibu wa serikali anayeuhesabu.

Miaka michache baadaye, Machi 2010, Barack Obama alitia sahihi sheria ya bima ya afya ya Marekani. Babu yake mzaa baba alitoka Kanyadhiang, karibu na Kendu Bay, katika eneo hilihili letu la Rachuonyo, kwa hiyo wazee wa huku waliifuatilia habari hiyo redioni kana kwamba ni ya ukoo. Walishangaa kwamba nchi tajiri vile ina mamilioni ya watu wasio na bima. Mimi nilivutiwa na jambo jingine. Sheria ile ilipowataka watu wawe na bima, iliweka pia ruzuku kwa wenye kipato kidogo. Amri na ruzuku ziliandikwa katika sheria moja. Rwanda, iliyo karibu nasi zaidi, ilifanya vivyo hivyo katika bima yake ya jamii: walioorodheshwa kuwa maskini kabisa walilipiwa, wengine wakachangia kwa uwezo wao.

Mwezi Desemba 2018 majaribio ya huduma za afya kwa wote yalizinduliwa Kisumu, yakihusisha kaunti nne: Kisumu, Isiolo, Machakos na Nyeri. Homa Bay haikuwamo. Lakini Kisumu ni jirani yetu, ukivuka kwa Sondu unaingia Nyakach, na watu wetu wameoana huko tangu zamani. Ghafla kila mtu akakumbuka shemeji yake wa Nyakach. Niliwafahamu akina mama waliovuka na kukaa kwa dada zao wakitarajia kutibiwa kama wenyeji. Wengine walirudishwa kwa sababu hawakuwa wamesajiliwa. Sikuwalaumu. Mtu mgonjwa haoni mpaka wa kaunti, anaona tu kwamba ng'ambo ya daraja matibabu ni bure na ng'ambo hii ni pesa.

Sasa tuna SHA, Mamlaka ya Afya ya Jamii. Rais William Ruto alitia sahihi sheria zake tarehe 19 Oktoba 2023, Mahakama Kuu ikazitangaza kuwa kinyume cha Katiba Julai 2024, Mahakama ya Rufaa ikaruhusu kazi iendelee, na tarehe 1 Oktoba 2024 NHIF ikazikwa. Wiki za kwanza zilikuwa mbaya. Wagonjwa waliketi kwenye mabenchi wakiambiwa mtandao umelala. Hilo lilikuwa tatizo la mashine, na mashine hurekebishwa, kwa hiyo sitakaa hapo.

Muundo wenyewe una mambo ninayoyaunga mkono kwa moyo wote. Kuna mifuko mitatu. Mmoja ni wa huduma za msingi, unaolipiwa kwa kodi, ili zahanati na vituo vya afya visimtoze mtu yeyote. Wa pili ni wa bima, unaochangiwa. Wa tatu ni wa dharura na maradhi sugu, wa kuchukua mzigo pale fedha za bima zinapokwisha. Yule mama yangu wa presha alihitaji mfuko wa kwanza. Yule kijana wa boda boda alihitaji wa tatu. Mtu aliyeichora picha hiyo aliyajua magonjwa yetu.

Pia nalipenda jeshi la wahamasishaji wa afya ya jamii, zaidi ya 100,000 nchi nzima, waliopewa vifaa na kuanza kazi Septemba 2023. Anayehudumia upande wetu hubeba kipima presha katika mkoba wake na kuingia boma kwa boma. Amewakuta wazee wenye presha ambao hawakuwahi kupimwa maishani mwao. Posho yao ni shilingi 5,000 kwa mwezi, na inapochelewa, kama ilivyowahi kuchelewa, mama wa watu huendelea kutembea kwa nauli yake mwenyewe. Wakati wa mama yangu angekuwapo mtu kama huyo, mama asingeninyima habari za vidonge vyake.

Pale kwenye mfuko wa pili ndipo ugomvi wangu ulipo. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75, bila kikomo cha juu, na hilo ni haki: anayepata zaidi atoe zaidi. Asiye na mshahara hupimwa uwezo kwa maswali, kisha hutakiwa kulipa mchango wa mwaka mzima kwa mkupuo, usiopungua shilingi 300 kwa kila mwezi, yaani 3,600. Nilikuwapo jirani yangu mjane alipokuwa akijibu maswali hayo kwenye simu. Paa la nyumba? Mabati. Sakafu? Saruji. Ng'ombe? Mmoja. Taa? Sola. Mabati na saruji viliwekwa na mwanawe aliyekwisha kufariki, taa ya sola anailipia kidogo kidogo, ng'ombe ni wa kufugiwa. Simu ikampa kiasi kilichozidi kile cha chini. Aliniuliza, "Mwalimu, hii nyumba niibomoe ndipo wanione?"

Hakulipa. Si kwamba aliidharau bima. Siku hiyo viazi vilikuwa bado ardhini, na vilipotoka karo ilivichukua vyote. Serikali ilikuja kuruhusu malipo ya polepole kwa mkopo, na mwaka 2025 ikaanza kuwalipia baadhi ya walio maskini kabisa. Ni hatua, nami nazipokea. Lakini mkopo ni deni, na kati ya maskini kabisa na mwenye mshahara kuna watu kama huyu mjane, wenye bati juu ya kichwa na wasio na shilingi mfukoni, na hao ndio wengi wa Kosele. Bima ikiwaacha hao, imewaacha wateja wangu wote wa daftari.

Wachumi watasema fedha hazitoshi. Najua hazitoshi. Ila nchi haikosi kuulipia ugonjwa, inaulipia kwa namna ya ghali: kwa hatimiliki zilizokabidhiwa, kwa ng'ombe waliouzwa bei ya hasara, kwa watoto waliotolewa shule, kwa kiharusi kilichotokana na kukosa kidonge. Viongozi wa Afrika walikubaliana Abuja mwaka 2001 kuweka angalau asilimia 15 ya bajeti za serikali katika afya. Kenya ilikuwamo katika ahadi hiyo, na haijaitimiza.

Nimekabidhi ukatibu kwa kijana. Yeye hana daftari, ana simu mbili na kundi moja la WhatsApp kwa kila mgonjwa. Mwezi uliopita aliniambia ana makundi mengi hata hajui nani ni nani.

Ombi langu kwa wabunge wetu na kwa wawakilishi wa wadi wa Homa Bay ni dogo kuliko hotuba zao. Mnapopitisha bajeti, anzeni na zahanati. Mfuko wa huduma za msingi ujazwe kwanza, fedha zifike kwa wakati, na dawa za presha na kisukari ziwe rafuni kama zilivyo zile za UKIMWI. Posho ya mhamasishaji ilipwe mwezi wake. Maswali ya mabati na sakafu yatupwe, na kila mtu asiye na mshahara alipiwe mchango kwa kodi ambazo tayari anazilipa anaponunua sukari, sabuni na mafuta. Na wewe mwenye mshahara, unaponung'unika juu ya asilimia 2.75 yako, nung'unika kwa sauti, uulize ilipokwenda, udai hesabu ya kila shilingi. Lakini usidai irudishwe. Huyo mjane wa mabati anaihitaji mwaka huu, kabla hajaugua.